Ukurasa wa Bi Mwongozo na Sweta za Kwaya

Kulikuwa na sentensi moja ambayo Bi Mwongozo aliipenda kuliko zote alizowahi kuandika, na kwa bahati mbaya hakuna mtu mwingine aliyewahi kuielewa. Ilikuwa fupi, haina mafuta wala mifupa. Ukiipima kwa mizani ya ukweli, haikupungua hata chembe. "Thamani ya msingi huamuliwa na aina iliyotajwa, si aina iliyopo." Siku alipoiandika aliinuka kitini, akaenda dirishani, akasimama pale akitazama magari yanavyopita, kama mtu aliyejifungulia mlango mwenyewe na kujikaribisha.

Kazi yake ilikuwa kuandika mwongozo wa lugha ya kompyuta. Watu wakimuuliza kama lugha za namna hiyo nazo zinahitaji mwandishi, aliwajibu kwamba zinahitaji kuliko zetu. Lugha ya watu mtu huzaliwa ndani yake, na mama na shangazi humsahihisha bure. Lugha ya kompyuta haina mama wala shangazi. Ina mwongozo tu, na mwongozo ukinyamaza, umebaki yatima. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa katika miji kadhaa kabla ya kuolewa, na alizungumza lugha za kutosha kugombana na wenye nyumba wa kila mji. Alichojifunza huko ni kwamba hatari haimo katika maneno, imo katika yale yasiyosemwa. Ingia saluni ya mji mgeni, keti, usiseme unataka nywele ziweje. Utatoka na nywele ambazo mji ule unaona ni za kawaida, na utakaa na kofia mpaka mwezi uishe.

Ofisi ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la magodoro, kwa hiyo kila programu iliyotoka pale ilizaliwa katika harufu ya sponji mpya. Mkubwa wao waliyemwita Mwasisi ndiye aliyeibuni lugha ile ujanani. Aliipa jina la Tarumbeta, akitumaini itasikika duniani kote. Mpaka sasa ilikuwa imesikika katika maghala, maegesho ya magari, vyuo viwili na madobi kadhaa. Alikuwa mtu wa kuvua viatu chini ya meza na kutembea ofisini na soksi. Aliipenda Tarumbeta kama mtu ampendavyo mwanawe mtundu: makosa yake aliyasema mwenyewe, lakini ole wake jirani atakayeyataja.

Jambo moja jema alikuwa amelifanya, na wapinzani wake walidai ni bora kuliko lugha yenyewe. Alikataza ukurasa wowote kuingia kwenye mwongozo kabla haujabashiriwa. Maana yake ni hii: aitwe mtu wa nje ambaye hajawahi kuuona, asome, kisha aonyeshwe programu ndogo na kuulizwa kompyuta itajibu nini. Akikosea, mwenye hatia ni ukurasa, si msomaji. Kwa miaka mingi msomaji huyo alikuwa muuza magodoro wa chini, ambaye walimwita Magodoro na yeye akaitika. Tatizo la Magodoro ni kwamba alisoma kurasa nyingi mno mpaka akaharibika. Alianza kuwauliza wahandisi kwa nini hawajapanga data kwanza. Hata ile sentensi pendwa ya Bi Mwongozo ilipita kwa mdomo wake, lakini ilipita kwa sababu asubuhi ile wahandisi wawili walikuwa wamebishana kuhusu jambo hilohilo kwenye ngazi, mbele ya duka lake, kwa sauti za kuamsha magodoro. Jibu alikuwa nalo kabla ya swali. Sentensi ikaingia kitabuni kwa heshima zote, ikakaa humo kimya.

Ilikaa kimya mpaka Jumamosi moja asubuhi, Kitinda alipoingia nyumbani kwa kaka yake bila kubisha hodi.

Kitinda alikuwa shemeji yake Bi Mwongozo, mdogo wa mumewe na mziwanda wa mama mkwe, na jina hilo la kitindamimba hakulikwepa hata alipoota ndevu. Hakusalimia. Alitua mfuko wa plastiki mezani, kati ya vikombe, akatoa sweta ya kijani.

Mama mkwe aliinyanyua kwa vidole viwili. "Nani amejifungua?"

"Hiyo ni ya mtu mzima, mama," Kitinda alisema. "Ni ya mwimbaji wa sauti nzito. Ana mabega kama kabati."

Mumewe Bi Mwongozo, fundi wa lifti, aliikunjua mikono ya sweta ile, akaipima kwenye kiganja chake. "Basi labda wamempunguza na yeye."

Hakuna aliyecheka kwa muda mrefu, maana uso wa Kitinda ulikuwa umesawijika. Akaeleza. Alikuwa anaandika programu za kuendesha mashine katika dobi kubwa la mwanamke aliyejulikana kama Mama Pasi, kwa mikunjo yake iliyonyooka na ulimi wake ulio vilevile. Katika programu ile kulikuwa na aina moja ya jumla iitwayo Mashine. Mashine ukiiambia "fua" bila kutaja moto, hufua kwa nyuzi tisini, kwa kuwa kazi nyingi pale ni mashuka ya hoteli. Kisha Kitinda aliongeza mtoto wa aina hiyo, Mashine ya Sufu. Mtoto alirithi yote ya mzazi, ila alikuwa na ufuaji wake wa kuzungusha polepole bila kukamua, na moto wake. Usipoutaja, thelathini.

"Nikaijaribu peke yake," alisema. "Mashine ya Sufu, fua. Thelathini. Tena. Thelathini. Nikaijaribu mpaka Mama Pasi akaniuliza kama nimeioa."

"Halafu?" aliuliza Bi Mwongozo.

"Halafu nikaandika mstari mmoja wa kuzipitia mashine zote pale ukumbini na kuiambia kila moja ifue. Sikutaja moto, kila moja si ina wake? Kwenye Mashine ya Sufu zikaingia sweta za kwaya nzima. Ikazizungusha polepole, shemeji, kwa adabu zote, bila kuzikamua. Ndani ya maji ya nyuzi tisini." Aliitazama sweta. "Zilichemshwa kwa upole."

Mama Pasi alikuwa amemwita mzembe mbele ya wapiga pasi wote. Na hapo ndipo palipouma, kwa sababu neno hilo lilikuwa na historia. Kitinda aliwahi kuacha funguo nje ya mlango na kulala ndani. Kazi ya kwanza aliipoteza kwa usahaulifu, ya pili vilevile, na ya tatu geti la maegesho lilikataa kushuka wiki nzima. Kwa Mama Pasi ndipo mahali pa kwanza alipokaa mpaka akawa na kikombe chake mwenyewe kwenye kabati.

"Mara zile zote walikuwa na haki," alisema. "Sibishi. Lakini safari hii nilikagua. Nilisoma mpaka mwongozo."

"Ulisoma ukurasa gani?"

Akatoa simu, akasoma kwa sauti ya mtoto wa shule: "Thamani ya msingi huamuliwa na aina iliyotajwa, si aina iliyopo."

Bi Mwongozo alihisi joto masikioni. Kuisikia sentensi yake ikitoka kinywani mwa mtu aliyeumia ilikuwa kama kukuta picha yake ya harusi kwenye pipa la jirani.

"Nilisoma mara tatu," Kitinda aliendelea. "Haina neno gumu hata moja. Nikasema, sawa, nimeelewa. Unajua kula hewa ukashiba?"

Mama Pasi alikuwa amempa mpaka Jumatano. Alisema yeye hajui kompyuta, anajua nguo. Kama ndani ya kitabu cha wenye lugha kuna ukurasa unaosema mtu anayejali kazi yake anaweza kunaswa hapo, alete ukurasa. Kama hakuna, alete funguo za dobi. Na asilete barua ya shemeji yake, kwa sababu shemeji atamtetea hata akiiba ng'ombe.

"Ukurasa upo," alisema mumewe. "Si huo umesoma?"

"Huo unasema ukweli," alijibu Bi Mwongozo. "Hausemi kitu."

Akaanza kazi papo hapo, na watu wa kubashiri alikuwa nao mezani. Akamwambia mumewe: "Chukulia kinyozi. Asiposemwa urefu, hunyoa kipara. Ana mtoto wake, naye ni kinyozi. Huyo asiposemwa, huacha nywele kidogo, na ana mtindo wake wa kushika mkasi. Mteja anaingia, anamwita mtoto, lakini hamwiti kwa jina lake, anasema tu 'kinyozi, ninyoe.' Atanyolewaje?"

"Nani ameshika mkasi?"

"Mtoto."

"Basi atanyoa anavyojua mtoto."

"Atanyoa kwa mtindo wa mtoto. Lakini atanyoa kipara, kama baba."

Fundi wa lifti alifikiri. "Huyo mtoto ana kichaa."

"Hana kichaa," alisema mama mkwe, "ana adabu. Anamheshimu baba yake. Ungekuwa wewe usingeelewa."

"Si heshima, mama. Mteja yuleyule akimwita kwa jina lake, anaacha nywele kidogo. Baba hatajwi tena."

"Oho." Mama mkwe aliiweka sweta chini. "Basi ni mnafiki."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda Jumamosi nzima. Akabadilisha kinyozi akawa dereva, dereva akawa mwalimu. Kila mara waliosikiliza walikosea jibu, na walipoambiwa jibu walitafuta sababu moyoni mwa mtoto: ana woga, ana kiburi, amelogwa, hajalelewa. Jirani aliyekuja kuazima ngazi aliulizwa naye, akasema kijana wa namna hiyo aozeshwe haraka. Kitinda alikaa pembeni akiikunja sweta na kuikunjua. Bi Mwongozo alianza kuhisi kwamba maji yamezidi unga. Alijua jibu. Alijua hata jinsi kompyuta inavyolipata. Asichojua ni kwa nini kila mfano wake unawapeleka watu kwenye nafsi ya mashine, mahali ambapo hapana kitu.

Jumapili mchana alikuwa jikoni akiosha vyombo kwa hasira ndogondogo. Mumewe alikuwa ukumbini amepiga magoti, akifungua kitasa cha mlango wa bafu. Kitinda alikuwa ameenda kununua skrubu. Mama mkwe, sebuleni, akaita bila kuinua kichwa:

"Aliyeko jikoni aniletee chai."

Sauti ya mama mkwe siku hizi haikufika mbali. Kwa hiyo mwanawe, naye bila kuinua kichwa, akaipokea na kuisukuma mbele: "Chai ya mama, vijiko vitatu."

Bi Mwongozo akaipika kama anavyopika yeye, majani kidogo na bila maziwa, akatia vijiko vitatu kama alivyoambiwa, akapeleka. Mama mkwe akaonja, akakitua kikombe kwenye sahani.

"Mwanangu, nikuulize, na usinikasirikie. Jana nilisema 'mke wa mwanangu, niletee chai,' ukaniletea chungu kama dawa ya minyoo. Leo nimesema 'aliyeko jikoni,' na ni wewe yuleyule, na ni chai yako hiihii nyembamba, lakini ni tamu. Hivi wewe ukiitwa vibaya ndiyo unakuwa mkarimu?"

"Mimi nimeambiwa vijiko vitatu, mama."

"Na nani? Mimi sikusema vijiko."

Wote wawili wakageuka kutazama ukumbini. Fundi wa lifti alikuwa na bisibisi mdomoni. Akaitoa.

"Hukusema, ndiyo maana nikajaza. Nyumba hii tangu zamani, aliyeko jikoni huweka vitatu."

"Aliyeko jikoni ni mkeo. Mkeo haweki sukari."

"Ukimtaja yeye nasema bila sukari. Jana si nilisema bila sukari? Ukisema aliyeko jikoni, mimi nitajuaje ni nani? Niko ukumbini hapa nimetazamana na kitasa."

Mama mkwe akafungua kinywa kumrudi, lakini Bi Mwongozo alikwishamnyang'anya mumewe bisibisi na kumbusu kwenye paji la uso, kitendo ambacho hakikuwa cha kawaida katika ukumbi ule.

Kwa sababu hapo ndipo jibu lilipokuwa. Jumamosi nzima alikuwa akiwauliza watu mtoto atafanya nini, nao wakamwangalia mtoto. Lakini mtoto hana lolote. Pengo halijazwi jikoni. Linajazwa ukumbini, na mtu anayesikia jina lililoitwa lakini haoni aliyesimama jikoni. Katika Tarumbeta mtu huyo yupo na ana jina: ni kitafsiri, ile sehemu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine kabla kazi haijaanza. Kitafsiri akisoma "Mashine, fua," hajui ni mashine ipi itakayokuwa imesimama pale kazi itakapoanza. Anajua jina tu. Kwa hiyo anajaza tisini, thamani ya msingi ya jina hilo, anafunga bahasha, anaondoka. Baadaye Mashine ya Sufu inafungua bahasha na kukuta moto umeshatajwa. Haiulizi. Inazungusha polepole, kwa upole wake wote, ndani ya maji yanayochemka.

Jua lilikuwa bado liko juu alipomaliza ukurasa mpya.

Jumatatu Mwasisi aliusoma akiwa amekaa, miguu yake yenye soksi juu ya kiti cha pili. Alicheka mara moja, mahali pazuri, na Bi Mwongozo akapata moyo. Kisha akafika aya ya mwisho, na miguu ikashuka.

"Umeandika hapa: 'Tabia hii huwanasa hata waandishi makini.'"

"Ndiyo."

"Tarumbeta haimnasi mtu. Watu hujinasa wenyewe."

"Wanajinasa mahali palepale, Mwasisi, mmoja baada ya mwingine. Pakiwa na shimo barabarani na watu wote wanatumbukia humo, utasema wana miguu mibaya?"

"Si shimo. Ni uamuzi. Kujaza mapema kunaokoa muda, kazi inakwenda haraka."

"Sijasema ni uamuzi mbaya. Nimesema watu makini wananaswa."

Aliuzungusha ukurasa mezani kana kwamba upande wa pili ungekuwa mtamu zaidi. "Na sentensi ya zamani ina ubaya gani? Ni sahihi."

"Ni sahihi."

"Basi."

Mabishano yalikwenda mpaka chai ya saa nne ikapoa. Mwishowe Mwasisi akasimama nyuma ya sheria yake mwenyewe, ambayo ilikuwa ngome nzuri: ukurasa ubashiriwe kwanza. Apewe Magodoro. Bi Mwongozo akasema Magodoro ameharibika, hata Mwasisi anajua, wiki iliyopita aliwasahihisha. Mwasisi akakubali kwamba ameharibika. Basi atafutwe mtu mpya, asiyejua lolote, na hakuna haraka. Toleo lijalo la mwongozo liko mbali.

Jumatano ilikuwa keshokutwa. Bi Mwongozo alimpigia shemeji yake simu akamwambia ukweli: ukurasa upo, kitabuni haumo.

Siku ilipofika, ngazi zilisikika kabla mtu hajaonekana. Mama Pasi alikuwa na hatua za mtu anayedai haki yake kila ngazi. Aliingia amevaa gauni la rangi ya maziwa ambalo halikuwa na kunjo hata moja, na nyuma yake alikuja Kitinda na ule mfuko wa plastiki, ameuinamia kama mbeba maji.

"Kijana wangu ananiambia ukurasa upo lakini haumo," alisema, baada ya salamu ambazo alizitimiza zote. "Ukurasa usiomo kitabuni ni barua ya shemeji. Nikaona nije niwaone wenye lugha kwa macho. Nani mwenye lugha?"

Mwasisi alikuwa anatafuta viatu kwa vidole vya miguu. "Ni mimi, mama. Karibu. Tuna utaratibu, unajua. Ukurasa hauingii mpaka mtu wa nje..."

Akanyamaza, kwa sababu alimwona Bi Mwongozo anamtazama Mama Pasi, kisha anamtazama yeye, kisha anavuta kiti.

"Mama," Bi Mwongozo alisema, "umewahi kusoma mwongozo wetu?"

"Nisome niupeleke wapi?"

"Basi keti hapa, tafadhali."

Na kabla ya ukurasa mpya, aliomba kitu ambacho hakuna aliyemlazimisha kukiomba. Aliweka mbele ya Mama Pasi ukurasa wa zamani. Alijua anajihatarisha, maana ilikuwa kazi yake inayokwenda kupimwa, na pia kwa sababu mwanamke huyu angeweza kubahatisha jibu sahihi, na hapo Kitinda angekuwa mzembe kwa ushahidi.

Mama Pasi akavaa miwani. Aliisoma ile sentensi kwa sauti anayosomea lebo ya nguo, akatua, akaisoma tena.

"Sawa," alisema. "Nimeelewa."

Mwasisi akaandika programu ya mistari mitatu, akamgeuzia skrini. Bi Mwongozo akaieleza kwa maneno: hii ni mashine ya sufu. Imeitwa kwa jina la jumla, Mashine. Imeambiwa ifue, moto haikutajiwa. Itafua kwa ngapi?

"Thelathini," alisema Mama Pasi, bila kuchelewa. "Ni mashine ya sufu. Utafuaje sufu kwa..."

Mwasisi akabonyeza. Ikatokea tisini.

Kutoka chini walimsikia Magodoro akimpigia mteja kofi la kirafiki kwenye godoro. Kitinda aliinua macho darini na kuyaacha huko. Alikuwa na akili ya kutosha kutotabasamu.

"Usinitazame," Mama Pasi alimwambia.

"Sijakutazama, mama."

"Nakuona usivyonitazama."

Bi Mwongozo akaondoa ukurasa wa zamani, akaweka mpya. Ulianza hivi: "Usipotaja moto, usiulize mashine itatumia moto gani. Uliza ni nani aliyejaza pengo. Hajajaza anayefua. Amejaza aliyesimama mlangoni, kabla kazi haijaanza, na huyo haoni ndani. Anasoma jina uliloita." Ikafuata hadithi fupi ya nyumba yenye ukumbi, kisha programu, kisha ushauri: mtoto asitofautiane na mzazi katika thamani ya msingi, au mwitaji ataje moto kila mara.

Mama Pasi alisoma polepole zaidi safari hii. Alicheka kwenye ukumbi. Akarudi nyuma mstari mmoja, akaenda mbele.

"Niulize," alisema.

Mwasisi akamuuliza lile swali la kwanza. Tisini. Akamuuliza mashine ileile ikiitwa kwa jina lake. Thelathini. Hapo Mwasisi akaingiwa na roho ya mashindano, akamtungia mjukuu: Mashine ya Hariri, mtoto wa Mashine ya Sufu, yenye moto wa nyuzi ishirini, lakini imeitwa Mashine ya Sufu.

"Mlangoni ameitwa nani?"

"Mashine ya Sufu."

"Thelathini, basi. Nawe unanisumbua bure, baba. Wewe nitajie aliyeitwa, nitakwambia moto. Aliyemo ndani simhitaji."

Mwasisi akabonyeza, ikawa thelathini. Akaitazama skrini kwa sura ya mtu ambaye mwanawe ameelezwa vizuri na mgeni. "Umepita," alisema. "Ukurasa umepita, namaanisha." Kisha, kwa kuwa binadamu hakosi neno la mwisho: "Lakini sentensi ya zamani ilikuwa sahihi."

Mama Pasi alinyoosha mkono nyuma, Kitinda akamkabidhi mfuko. Akaitoa sweta ya kijani, akaitandaza juu ya kibodi. Iliziba kibodi tu, haikufika ukingo wa meza.

"Na hii ni sweta," alisema.

Mwasisi akavuta ukurasa mpya, akachukua kalamu ili auidhinishe, lakini kalamu ikasita juu ya aya ya mwisho. "Utaingia leo. Neno moja tu tutalilainisha. Hapa panaposema hata waandishi makini..."

"Panasemaje?" aliuliza Mama Pasi.

"Panasema huwanasa hata makini. Nilifikiri tuseme, huwanasa baadhi ya watu."

"Mimi nimenaswa sasa hivi, hapo, mbele yenu. Miaka yote hii nafua nguo za watu na sijapoteza soksi. Nisaidie, baba: mimi ni baadhi ya watu?"

Mwasisi aliwatazama wote kwa zamu, akaona hakuna aliyekuwa upande wake, hata viatu. Akatia saini. "Liachwe."

"Kwa nini msibadilishe lugha yenyewe?" Kitinda aliuliza, kwa mara ya kwanza akifungua kinywa bila kuulizwa.

"Kuna programu nyingi zimejengwa juu ya mlango huo," alisema Mwasisi, na safari hii alisema kwa huzuni ya kweli. "Nikiuhamisha leo, kesho watu wanagonga ukuta." Akaahidi kufikiria kumfundisha kitafsiri apige kelele akiona mzazi na mtoto hawakubaliani. Kwa Mwasisi, kufikiria kulichukua msimu mzima, lakini Bi Mwongozo aliandika ahadi hiyo mbele yake ili isikauke.

Mama Pasi aliinuka, gauni likabaki limenyooka. "Wewe," alimwambia Kitinda, "funguo kaa nazo. Lile neno nililokuita mbele ya wapiga pasi, nitalifuta mbele ya wapiga pasi. Lakini kuanzia leo ukiiita mashine yoyote, iwe ya sufu, iwe ya mashuka, moto utautaja kwa mdomo wako. Sitaki kujaziwa na mtu wa mlangoni."

"Ndiyo, mama."

"Na jioni tunakwenda kwa kwaya. Mimi nitaomba radhi, wewe utaeleza. Yule wa sauti nzito anakaa mbele, kwa hiyo ueleze ukiwa umesimama karibu na mlango."

Alitangulia kushuka. Kitinda alibaki nyuma kidogo, akajidai anaukunja mfuko. Kwenye skrini ya shemeji yake ukurasa ulikuwa umekwishaingia kitabuni, wazi kwa yeyote duniani anayejua kusoma. Akainama kuusoma, midomo ikicheza.

"Shemeji, umeniweka kwenye mwongozo."

"Sijakutaja."

"Watu wa dobini watajua ni mimi."

"Watajua nini? Soma panaposema waandishi wa namna gani."

Akasoma. Akasoma tena, akiweka kidole chini ya lile neno, makini, kama mtu anayeangalia kama rangi imekauka. Kutoka chini Mama Pasi aliita, akataja jina lake kamili.

"Nakuja," alijibu. Kisha, kwa sauti ya chini: "Hilo neno haliwezi kuwekwa kwa herufi nzito?"

"Kitinda, nenda kazini."